Njia za Misafara juu ya Milima ya Usagara

Magharibi mwa mji wa Kilosa ardhi hupanda ghafla. Mji wenyewe uko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, pembeni mwa Mto Mkondoa, na mbele yake, upande wa mashariki, umelala uwanda wa Mkata, tambarare ya nyasi na tope inayofika hadi Mikumi na kuishia kwenye vilima vya Uluguru. Nyuma ya mji kuna Rubeho na Ukaguru, safu mbili za milima ambazo maandishi ya karne ya 19 yaliziweka pamoja chini ya jina moja la Usagara. Vilele vyake kadhaa hupita mita 2,000. Safu hizi ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa.

Aliyetaka kutoka pwani ya Mrima kwenda Ugogo, Unyamwezi au Ziwa Tanganyika kwa njia ya kati alilazimika kuivuka milima hii. Ndiyo maana njia zake ni za zamani kuliko mji wa Kilosa, kuliko reli, na kuliko mpaka wowote wa wilaya. Historia yake ni ya mambo matatu yaliyoamua mguu upite wapi: maji, chakula na usalama. Katika kila zama, kutoka mpagazi wa pembe hadi mhandisi wa reli ya umeme, mambo hayo yamerudi yakidai jibu.

Wenyeji wa milima

Kabla ya misafara mikubwa, milima hii ilikuwa makao ya Wasagara, Wakaguru upande wa kaskazini, na Wavidunda upande wa kusini kuelekea Mto Ruaha Mkuu. Wote wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, kama walivyo majirani zao Waluguru. Ardhi ilishikwa na koo, na kila ukoo ulikuwa na eneo lake la mabonde na migongo ya vilima. Mwenye ukoo ndiye aliyeongoza tambiko. Miongoni mwa Wakaguru, watu walikwenda kwenye makaburi ya wazee wao, wakayafagia na kuyapalilia, wakamimina pombe na kutoa sadaka ili mvua inyeshe na nchi ipoe. Kwa hiyo mgeni aliyepita mlimani alikuwa anapita katika nchi yenye wenyewe, walio hai na waliokufa.

Kuishi juu kulikuwa na faida. Mvua ilikuwa ya kuaminika zaidi kuliko bondeni, mbung'o walikuwa wachache, na kutoka kwenye mgongo wa kilima mtu aliweza kuona moshi wa kambi au vumbi la msafara mapema. Wenyeji walilima mtama, mahindi, ndizi na maharage kwenye miteremko, wakafuga mbuzi na kondoo. Njia za kwanza za milima hii ni zao: vijia vya kwenda shambani, kwenye chemchemi, kwa wakwe na kwenye matambiko. Misafara ilipokuja haikuchonga njia mpya. Iliunganisha vijia hivyo hadi vikawa barabara ndefu ya miguu.

Pembe, nguo na mabega ya watu

Kuanzia miongo ya kwanza ya karne ya 19, bei ya pembe za ndovu Unguja ilipanda, na nguo za pamba kutoka Marekani na India zikawa nyingi sokoni. Wanyamwezi walikuwa tayari wakishuka pwani na pembe zao. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, nao wakaanza kupanda bara. Njia ya kati ilitoka Bagamoyo na bandari jirani zake, ikapita Ukami au Ukutu, ikavuka uwanda wa Mkata, ikapanda Usagara, ikateremka Mpwapwa na kuingia Ugogo. Kutoka hapo ilikwenda Tabora, kisha Ujiji. Mwendo kutoka pwani hadi Tabora ulichukua takriban miezi mitatu kwa msafara uliojaa mizigo.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na silaha yake, mkeka, chungu na posho. Kwenda bara walibeba nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Kurudi pwani walibeba pembe. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia, aliyejipamba kwa manyoya na nguo ya rangi kali, akifuatwa na ngoma au baragumu. Yeye ndiye aliyejua kambi ziko wapi, visima vipi vina maji, na chifu gani anadai hongo, yaani ushuru wa kupita. Hata msafara ulipokuwa na tajiri Mwarabu au mpelelezi Mzungu, mwendo wa kila siku uliamuliwa kwa sehemu kubwa na kirangozi na wapagazi wenyewe, ambao waligoma au kutoroka walipoona wanaonewa.

Majira yalikuwa na amri kubwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na walipenda kurudi kwao kabla ya mvua za kilimo. Msafara uliokosea majira ulikuta Mkata umegeuka bwawa, na mito ya milimani imejaa.

Njia tatu za kupanda

Mlima wa Usagara haukuwa na mlango mmoja. Katikati ya karne ya 19 misafara ilichagua kati ya njia mbili kuu, na baadaye ya tatu ikapata umaarufu.

Ya kwanza ilikuwa njia ya Mkondoa. Kutoka uwanda wa Mkata ilifika chini ya milima karibu na ilipo Kilosa ya leo, kisha ikaingia kwenye bonde la mto huo, ambao wageni waliuandika Mukondokwa. Faida yake ilikuwa maji. Mto ulikata katikati ya milima, na msafara uliweza kuufuata kwa siku nyingi bila kuogopa kiu. Hasara yake ilikuwa kuvuka maji mara kwa mara, mawe yenye utelezi, na magenge yaliyobana njia hadi watu wakapita mmoja mmoja.

Ya pili ilipita kusini zaidi, katika nchi ya chifu aliyejulikana kwa jina la Kiringawana. Iligusa Kisanga na Malolo, mahali ambapo hadi leo ni kata za wilaya ya Kilosa, karibu na Ruaha. Ilikuwa na chakula cha kutosha katika baadhi ya mabonde, lakini ilisogea karibu na nchi ya Wahehe, na kadiri nguvu ya Wahehe ilivyokua, hatari yake nayo ilikua.

Ya tatu ilikwenda kaskazini, kutoka Saadani kupitia Nguru hadi Mamboya katika Ukaguru, kisha Mpwapwa. Ilipata wasafiri wengi zaidi kuanzia miaka ya 1870, wamisionari wakiwemo. Mamboya palikuwa na hewa baridi, maji na masoko ya chakula, na pakawa kituo cha kupumzika kabla ya ukame wa Ugogo.

Njia yoyote iliyochukuliwa, kupanda hakukuwa kwa mara moja. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliigawa milima hiyo katika safu tatu: Rufuta, Mukondokwa na Rubeho. Msafara ulipanda ya kwanza, ukashuka bondeni, ukapanda ya pili, ukashuka tena, na mwisho ukaikabili Rubeho, ambayo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Upepo wake ulikuwa mkali, na usiku wake ulikuwa wa baridi iliyowatesa watu wa pwani waliovaa nguo nyepesi. Anayesimama juu yake haoni bahari, ambayo iko mbali zaidi ya kilomita 200. Upande wa mashariki anaona migongo ya vilima ikishuka kuelekea Mkata, na upande wa magharibi nchi kavu ya Ugogo, yenye rangi ya udongo na miiba. Kwa mpagazi, kuvuka hapo kulimaanisha kutoka katika nchi ya maji na kuingia nchi ya terekeza, yaani mwendo wa mchana hadi jioni na kulala bila maji, ili kesho yake kifikiwe kisima kingine.

Mapito yaliyoandikwa

Burton na mwenzake John Hanning Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857. Msafara wao uliongozwa na Said bin Salim, na miongoni mwa watu wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India, ambaye baadaye alisindikiza safari nyingi za wageni. Walipita Zungomero katika Ukutu, wakavuka Mkata wakati wa kiangazi, na kuanza kupanda mwezi Agosti. Njiani walikutana na wapagazi waliokuwa wakishuka pwani, ambao ndui ilikuwa imeua wengi wao, na maiti zilikuwa zimeachwa kando ya njia. Septemba walipanda Rubeho. Wote wawili walikuwa wagonjwa, na Speke alihitaji kushikwa ili aweze kutembea. Juu ya mlima homa ilimzidi hadi akapotewa na fahamu, na silaha zake zikaondolewa karibu naye. Punda wao wengi walikufa. Novemba walifika Tabora, na Februari 1858 wakafika Ujiji. Wakati wa kurudi walichukua njia ya kusini, ile ya Kiringawana.

Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871, wakati masika yanaanza. Alipita Simbamwenni, mji wenye ngome uliojengwa na Mzigua Kisabengo mahali ilipo Morogoro ya leo, kisha akaingia Mkata. Mvua ilikuwa imeugeuza uwanda kuwa kinamasi. Watu walitembea katika maji na tope kwa siku kadhaa, mizigo ikalowa, na ugonjwa wa kuhara ukawashika wengi, Stanley mwenyewe akiwamo. Ilibidi wapumzike Rehenneko, chini ya milima, kabla ya kupanda. Kule Kiora, ndani ya bonde la Mkondoa, alimkuta msaidizi wake William Farquhar amelala hoi. Huyo alifariki baadaye karibu na Mpwapwa. Mwaka 1873 Verney Lovett Cameron naye alipita wakati wa mvua, na kijana aliyekuwa katika msafara wake, Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, alikufa kwa homa alipokuwa akiuvuka uwanda huo huo.

Visa hivi vinaonyesha kwamba hatari kubwa ya njia hii haikuwa mlima peke yake. Mkata na mlima vilifanya kazi pamoja: uwanda ulidhoofisha watu kwa homa, kisha mlima ukawamaliza. Wapagazi wenye uzoefu walilijua hilo, ndiyo sababu walipendelea kuvuka wakati ardhi imekauka.

Nchi iliyokamuliwa

Biashara hiyo iliacha makovu kwa wenyeji. Burton aliona katika Ukutu na Usagara vijiji vilivyochomwa na mashamba yaliyoachwa kutokana na uvamizi wa kukamata watumwa. Misafara mikubwa ilihitaji chakula kingi, na pale ilipokuwa na bunduki nyingi, iliweza kuchukua bila kulipa. Wasagara wengi walihamisha makazi yao kutoka kando ya njia hadi juu ya miteremko ambako ilikuwa rahisi kujificha na kujilinda. Wengine waliingia katika biashara: waliuza unga, kuku na mbuzi, waliwaongoza wageni katika vivuko, na machifu walidai hongo kwa waliopita katika ardhi zao.

Tishio jingine lilitoka kusini magharibi. Wahehe, waliounganishwa na Munyigumba kisha mwanawe Mkwawa, walivamia Usagara mara kwa mara kutafuta ng'ombe na mateka. Kwa hiyo njia ya kusini ilipoteza wasafiri, na za Mkondoa na Mamboya zikabeba uzito zaidi.

Mikataba, vituo na vita

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 thamani ya njia hii ilivuta mataifa ya Ulaya. Tawi la Ufaransa la Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika lilianzisha kituo Kondoa, kijiji kilicho karibu na Kilosa, chini ya Kapteni Bloyet. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa tayari Mpwapwa na Mamboya.

Novemba na Desemba 1884, Mjerumani Carl Peters na wenzake walipita haraka katika Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakiwafanya machifu watie saini mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Mmoja wa machifu hao alikuwa wa Msowero, na mwingine ni yule aliyejulikana kama Mwinyi Sagara, ambaye Desemba 1884 alitangazwa katika karatasi hizo kuwa ameikabidhi nchi yote ya Usagara. Kwa karatasi hizo Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyekuwa akiiona njia hiyo kuwa chini ya mamlaka yake, alipinga. Agosti mwaka huo meli za kivita za Ujerumani zilitia nanga mbele ya Unguja na kumlazimisha akubali. Kampuni ya Kijerumani ilijenga kituo chake cha kwanza bara huko Sima, karibu na Kiora, ndani ya milima hiyo hiyo.

Vita vikafuata. Mwaka 1889 wapiganaji wa Abushiri bin Salim waliivamia Mpwapwa wakati wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1891 Mkwawa aliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo, na walionusurika walirudi nyuma kuelekea Usagara. Mwaka 1892 Wahehe walishuka hadi bonde la Mkondoa na kuiangamiza ngome ndogo ya Wajerumani katika eneo la Kondoa. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika hapa kupitia Wavidunda na Wasagara. Kila mara aliyetaka kukata mawasiliano kati ya pwani na bara alielekeza pigo lake kwenye milima hii, kwa sababu hapo ndipo njia ilipobana.

Chuma chafuata mto

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Mbele yake kulikuwa na swali lile lile la wapagazi: mlima uvukwe wapi? Wahandisi walichagua bonde la Mkondoa. Reli ilifika Kilosa, ikaingia bondeni, na kupitia Munisagara, Kidete, Godegode na Gulwe ikapanda hadi nyanda za Dodoma, iliyofikiwa mwaka 1910. Kituo cha Munisagara kinahifadhi jina la chifu wa mikataba ya 1884. Tabora ilifikiwa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Misafara ya Bagamoyo ilikufa ndani ya miaka michache. Kilosa ikawa mji wa reli, wa maduka ya Wahindi na Waarabu, na wa mashamba makubwa: kwanza pamba, likiwemo shamba la kampuni ya Otto ya Ujerumani, kisha katani huko Kimamba, Rudewa na Msowero. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya upande wa Waingereza ya Jenerali van Deventer yaliifuata reli hiyo kutoka Dodoma, yakaichukua Mpwapwa na kuingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916. Wapagazi hawakuwa wametoweka kabisa. Jeshi la Waingereza liliwakusanya kwa maelfu kubeba chakula na risasi, na wengi wao walikufa kwa magonjwa.

Kufuata mto kulikuwa na gharama yake. Mkondoa hubeba mchanga mwingi kutoka miteremkoni, na mafuriko yake yamekata reli mara nyingi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kusomba sehemu za njia ya treni, hata safari za Reli ya Kati zikasimama. Maji yaliyoivutia misafara ndiyo yanayoitesa reli.

Mikumi na njia mpya

Upande wa kusini ulirudi kwenye ramani kwa njia ya magari. Barabara ya Morogoro hadi Iringa, inayopita Mikumi kisha bonde la Ruaha, inakaribiana na nchi iliyopitiwa na njia ya Kiringawana. Tawi la reli kutoka Kilosa kwenda Kidatu nalo lilipita Mikumi. Mwaka 1964 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na sehemu yake ya kaskazini ni uwanda wa Mkata. Leo abiria wa mabasi hupita kilomita 50 hivi ndani ya hifadhi na kuona nyati, twiga na tembo katika uwanda ule ule ambamo wapagazi wa Stanley walizama hadi viunoni.

Reli ya kisasa ya SGR ilipofika Kilosa ilijibu swali la mlima kwa namna mpya. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora kina mahandaki manne yenye urefu wa jumla wa zaidi ya kilomita 2.5 yaliyotobolewa katika milima ya Kilosa, pamoja na madaraja marefu yanayoinyanyua njia juu ya mabonde ya mafuriko. Huduma kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Safari iliyomchukua mpagazi majuma mengi sasa huchukua saa chache, na mlima uliokuwa ukipandwa kwa siku hupitwa kwa dakika, ndani ya jiwe.

Kilichobaki mlimani

Vijia vya zamani havikufutika vyote. Wanavijiji wa Ukaguru na Rubeho bado huvitumia kupeleka maharage, ndizi na mbao sokoni, na kufikia vijiji ambavyo gari haliwezi kuvipata wakati wa masika. Misitu ya vileleni imehifadhiwa katika maeneo kama Mamiwa-Kisara kwenye Ukaguru, na Ukwiva na Mafwomero kwenye Rubeho. Misitu hiyo ndiyo chanzo cha maji yanayoshuka Kilosa na kuingia Wami.

Kwa upande wa kumbukumbu, mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha yake ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kati ya vyote hivyo, Mamboya ndiyo inayowakilisha milima ya Usagara. Bonde la Mkondoa, lililobeba misafara, kisha reli ya Wajerumani, halimo katika orodha hiyo kama kituo cha peke yake. Ushahidi wake uko kwenye majina ya vituo vya treni, katika mapito yanayotumika hadi leo, na katika mpangilio wa makazi ambayo yalipanda mlimani kuikimbia njia, kisha yakashuka tena reli ilipofika.